Jino la Saba

Kwako Kaka yangu wa tumbo moja,

Salamu zangu zikufikie, na nakuomba zikukute umekaa kitini, si umesimama na mkasi mkononi, kwa sababu barua hii ni ndefu na mwandishi wake unamjua kwa maneno mengi. Hujambo, kaka? Afya yako ikoje? Macho bado yanaona tundu la sindano, au na wewe umeshaanza kunyoosha mkono ndipo uone? Una mke? Una watoto? Umenenepa? Nina maswali ya miaka ishirini na saba, na nikiyaandika yote posta wataikataa bahasha. Sisi huku hatujambo. Baba yu hai. Naliandika hilo mapema ili usisome barua nzima roho mkononi. Yu hai, anakula, anagomba, na anasikia kile tu anachotaka kusikia.

Utakuwa umeona bahasha ina muhuri wa kiwanda cha nguo, na pengine umedhani ni jibu la malalamiko yako. Basi ni kweli, ni jibu la malalamiko yako. Mimi ndiye mtu wa kiwanda aliyeagizwa akujibu. Usishangae bado, ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Nafanya kazi katika chumba cha michoro, huu mwaka wa kumi na nne. Ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na meza sita, na sakafu yake ina madoa ya rangi ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyaweza. Mimi huchora urembo kwenye karatasi ya viboksi, kisha mafundi wa chini huuchonga kwenye rola, na rola likizunguka ndilo linalopiga chapa kwenye kitambaa. Mkuu wetu tunamwita Miwani, kwa sababu anazo jozi tatu na muda mwingi zote ziko kichwani huku yeye anazitafuta. Jumanne moja mwezi uliopita, kabla ya chai ya saa nne, Miwani akaniwekea barua mezani. Akasema kuna fundi mapazia mmoja wa mbali huko, mtu wa kiburi, na kwa kuwa mchoro ni wangu nimjibu mwenyewe, nimwombe radhi, na stoo itamtumia kitambaa kingine.

Nikaisoma nimesimama. Fundi alisema amenunua kitambaa chetu cha zigizaga, kijivu na nyeupe, kwa mapazia ya ukumbi, na alipokuja kuunganisha vipande akakuta kila jino la saba limetokeza kuliko wenzake, kwa hiyo vipande havikubali kukutana. Mpaka hapo ni malalamiko kama mengine. Wateja wetu hulalamika hata jua likiwaka. Lakini mwisho kabisa, chini ya sahihi, fundi akaongeza mstari mmoja: mwambieni huyo anayehesabu ageuze kwenye kumi na mbili.

Kaka, nilikaa. Sikutazama nyuma kama kuna kiti, nilikaa tu, na bahati yangu kiti kilikuwepo. Hakuna mtu duniani anayesema geuza kwenye kumi na mbili isipokuwa watu watatu, na wawili kati yao wanaishi nyumba moja. Ndipo nikautazama mwandiko. Saba yako bado unaikata katikati. Herufi zako bado zimelala upande kama zimechoka. Nikakimbilia chooni nikalia kwa kwikwi mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kugonga mlango kuuliza kama ni tumbo. Nikamwambia ndiyo, ni tumbo, akaniletea maji ya moto.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Usinikasirikie kwa kuchelewa, kuna kitu kilinibidi nikifanye kwanza hapa nyumbani, na nitakifikia. Kabla ya hapo niache nikusimulie na yale unayoyajua, ili uone kama ninavyoyakumbuka ndivyo yalivyokuwa. Mume wangu, shemeji yako, fundi bomba mwenye subira kuliko bomba lenyewe, anasema mtu hamsimulii mwenzake maisha yake mwenyewe. Nikamwambia anyamaze, hajui alichokuwa nacho mtu aliyelelewa na kaka.

Maana wewe ndiye uliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitatu, na simkumbuki ila kanga yake iliyokuwa juu ya kabati. Ninayemkumbuka ni wewe, umenibana kichwa katikati ya magoti asubuhi ya shule, chanuo mdomoni, unajitahidi kugawa nywele. Jamani, kaka! Ulikuwa hujui kusuka hata kidogo. Mstari ulianzia kwenye paji la uso ukaenda kushoto, ukaona umekosea, ukaurudisha kulia, ukaona umezidisha, ukaurudisha tena. Nikifika shuleni wananiita Barabara Mbovu. Nilikuwa narudi nalia, nawe unaniambia kwamba hiyo ni zigizaga, urembo wa nyumba yetu, na wao wana wivu. Niliamini mpaka nilipofika darasa la nne.

Na chumba cha nyuma nakikumbuka, mtambo wa kufumia ukichukua nafasi yote hata mlango haufunguki wote, dirisha moja, na vumbi la sufu likielea kwenye mwanga wake. Baba alikuwa mfumaji pekee wa mablanketi mtaani. Kanyagio nne. Ukizikanyaga kwa mfuatano, moja mbili tatu nne, urembo unapanda mshazari kwenda kulia. Ukigeuza, nne tatu mbili moja, unarudi kushoto. Mishindo kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi, umepata jino. Ndiyo zigizaga yote hiyo, watu wanavyoihangaikia. Lakini kwetu anayekanyaga hakuwa anahesabu. Macho yake yako kwenye ukingo wa blanketi usijikunje, mikono inarusha uzi, kwa hiyo hesabu ilikaa mdomoni mwa mtu mwingine aliyekaa kwenye kigoda pembeni. Mhesabu akisema geuza, miguu inageuza, haiulizi. Baba alifundishwa hivyo na baba yake, nasi tukafundishwa hivyo.

Nilipewa kigoda nikiwa na miaka sita, wewe una kumi na minne na Baba ameanza kukuachia kanyagio. Wiki ile ile shuleni walitufikisha kwenye kumi na sita. Basi nikaona hii kumi na mbili ni mambo ya watoto. Kwenye jino la saba nikapitiliza kwa maringo, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, geuza! Nawe ukageuza. Baba alipoliona jino limetokeza alikuja amekunja uso, akaniuliza nimefanya nini, nikamjibu kwa kifua mbele kwamba sasa najua mpaka kumi na sita. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema liachwe vile vile. Tangu siku hiyo kila blanketi lilitoka na jino la saba pana, moja tu, na wateja wakija walilitafuta kwa kidole kabla ya kuuliza lolote. Mimi nikaitwa Kijino, na jina hilo ninalo hadi leo, ingawa sasa nina nyonga za kuziba mlango.

Ikaja ile habari ya mablanketi thelathini. Bibi wa nyumba ya wageni aliyataka yote sawasawa, bila lile jino, kwa sababu eti mgeni akiamka akaliona atadhani kapewa blanketi bovu. Baba alikuwa kalazwa na mgongo chumba cha mbele, hawezi hata kugeuka. Akakubali. Wewe ulinuna. Ulisema, tena mbele ya jirani, kwamba Baba anamng'oa mwanawe jino ili kumfurahisha mtu baki. Halafu ukaingia ukafuma yote thelathini, mwezi mzima na nusu, mimi kwenye kigoda. Tukayakunja, tukayafunga, yakaenda.

Yakarudi mchana kweupe, kwenye mkokoteni, mtaa mzima unatazama. Bibi wa nyumba ya wageni alikuja na rula yake. Alifunua moja, jino lipo. La pili, lipo. La kumi, lipo. Baba alitoka ameegemea fimbo, jasho linamtoka kwa maumivu na kwa aibu. Akakumbuka maneno yako. Akasema kwamba mtu asiyemsikia yeye asikanyage tena kanyagio zake. Ulichukua lile begi la kijani, ukatoka na shati la kazi lenye nyuzi begani. Mimi nilikuwa mlangoni. Ulinipapasa kichwa ukapita.

Siku ile Baba alijua utarudi kabla ya chakula cha jioni. Aliniambia nisikomee mlango wa nyuma. Mlango huo haukukomewa miaka mitatu, kaka, mpaka mwizi alipoingia akatuibia pasi. Alipopata nafuu ya mgongo alikutafuta kila alikosikia kuna fundi kijana. Mara uko bandarini, mara uko migodini, mara umeonekana unauza viatu. Alirudi kila mara na vumbi tu. Yale mablanketi aliyagawa bure kwa majirani, na mpaka leo nikipita uani kwa watu nayaona yameanikwa, mengine yamebaki matundu, jino la saba bado limo.

Akaendelea kufuma peke yake, akijihesabia mwenyewe kwa mdomo. Kumi na mbili, geuza, kumi na mbili, geuza. Jino pana hakulifuma tena. Wateja wakiliuliza aliwaambia limeng'oka. Miguu ilipoanza kumsumbua akauacha mtambo, nasi tukaanza kuanikia nguo juu yake siku za mvua. Ndivyo ulivyokuwa mpaka majuzi.

Sasa ngoja nikuchekeshe kidogo, maana nakuona umeinamisha kichwa. Ile zigizaga yetu imekuwa mtindo! Sijui kwenu, ila nadhani na kwenu imefika, la sivyo usingeshonea ukumbi. Hapa kwetu iko kwenye vikombe, miavuli, mifuko ya shule, vifuniko vya simu, nguo za vichanga. Benki imeipaka ukutani. Fundi vigae wa zahanati kaitandaza sakafuni mpaka wagonjwa wanapata kizunguzungu kabla ya kumwona daktari. Mwoka keki anaichora kwa sukari. Vinyozi wanawanyoa nayo vijana kisogoni. Na mpwa wako, binti yangu wa miaka kumi na mitano, wiki iliyopita alikaa saluni saa nne akarudi amegawanywa nywele mstari wa kushoto, kulia, kushoto, akaniambia kwa mbwembwe kwamba huo ndio mtindo wa mjini. Nilimgeuza kichwa nikautazama ule mstari, nikajikuta nacheka na machozi yananitoka. Akafikiri namdhihaki, akaninunia siku mbili. Ulikuwa mbele ya wakati wako, kaka.

Miwani naye akipata wageni kiwandani haachi kuwahutubia. Anawaambia urembo huu ni wa kale kuliko maandishi. Eti katika nchi zisizojuana kabisa, watu wakichimba ardhi wanakuta vigae vya vyungu vyenye mistari hii hii, na kwamba waliochonga mifupa, waliosuka vikapu na waliopaka kuta rangi waliufikia bila kufundishana. Wengine waliona ni maji, wengine milima, wengine nyoka, wengine radi. Anasema kila miaka kadhaa watu huusahau, wakauona umepitwa, kisha ukarudi kama mgeni na wote wakaukimbilia. Nilipomsimulia Baba, alisema wasomi wanajichosha bure. Akasema kuna mtu alikuwa anakwenda upande mmoja, akachoka, akarudi. Halafu akaisahau chai yake hadi ikapoa.

Miaka mitatu iliyopita Miwani alitaka kitambaa cha zigizaga cha kwanza, akanipa mimi nichore. Meno saba kwa kila mzunguko wa rola. Nilihesabu viboksi, kumi na mbili juu, kumi na mbili chini. Nilipofika jino la saba mkono wangu ukaenda mpaka kumi na sita, nami nikauacha uende. Miwani alipima na rula, akaniita, akaniuliza hii ni nini. Nikamjibu kwa uso mkavu kwamba zigizaga za kale za mkono hazikuwa sawasawa, na jino pana ndilo lililokuwa alama ya fundi. Akaimeza nzimanzima. Leo anawaonyesha wageni jino la asili, anazungumza juu yake dakika kumi. Na viwanda vingine vilipoona kitambaa kinapendwa vikauiba mchoro, vikauiba pamoja na kosa! Sasa kila mahali, kwenye mwavuli, kwenye kikombe, hesabu uone: la saba limetokeza.

Kwa hiyo, fundi, kuhusu malalamiko yako, kiwanda hakikukosea. Nililiweka kwa makusudi. Nilijiambia kwamba huko uliko, hata pawe wapi, lazima pana dirisha, na dirisha lina pazia. Siku moja utainua macho, utahesabu bila kutaka, kwa sababu mtu aliyekanyaga kwa hesabu ile hawezi kutohesabu. Anwani yako sikuwa nayo, nikaona nikuandikie kwa mita za kitambaa. Kila nilipoona majora yanapakiwa kwenye lori nilikuwa nasema kimoyomoyo, lile huenda ndilo litakalomfikia. Miaka mitatu, majora sijui mangapi, na kumbe ulikuwa unakuja kwangu kwa njia ya kunigombeza. Sawa, nigombeze tu. Nimekukosa mpaka kugombezwa nako nakutamani.

Lakini nimekuzungusha vya kutosha. Kuna neno moja nimelibeba tangu nina miaka kumi na mmoja, nawe unalijua, ila hujawahi kulisikia kinywani mwangu.

Yale mablanketi thelathini yalikuwa kazi yangu. Ni mimi niliyehesabu kumi na sita. Siku ya kwanza kabisa ulisimamisha miguu ukaniuliza kama sijasikia agizo, nami nikakuambia kwamba Baba amebadili mawazo, kasema jino libaki. Nilikudanganya macho makavu. Wewe ukaamini, tena ulifurahi, ulianza kupiga mluzi. Na kila nilipofika kwenye jino lile nilishusha sauti, Baba asinisikie kutoka chumba cha mbele. Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu siku moja kabla yake ulisema, kwa mzaha tu, kwamba blanketi lisilo na jino pana ungeweza kujihesabia mwenyewe, na Kijino aende akacheze. Nikaogopa kigoda changu. Hicho tu. Nilikuwa sina mahali pengine duniani isipokuwa kile kigoda, pembeni ya miguu yako.

Na Baba aliponigeukia pale barabarani akaniuliza mbele ya watu nilihesabu ngapi, nikajibu kumi na mbili, Baba. Ulinitazama. Naliona lile tazamo lako kila ninapochovya kalamu. Ungesema neno moja tu, mdogo ndiye aliyeniambia, ningechapwa viboko viwili na yangeisha. Hukusema. Ulibeba begi, ukabeba na uongo wangu, ukanipapasa kichwa. Nisamehe, kaka. Nilikuwa mtoto miaka miwili mitatu ya kwanza. Baadaye nilikuwa mtu mzima, nikaendelea kunyamaza, na hiyo ndiyo sehemu isiyo na udhuru. Kila Baba alipotoka kukutafuta nilimfungia chakula cha njiani, nikanyamaza.

Barua yako ndiyo iliyonivunja. Jumapili ile iliyofuata, mchana, Baba alikuwa anapiga viatu rangi barazani, nikakaa chini mbele yake nikamwambia yote, kuanzia mluzi wako mpaka kumi na mbili, Baba. Nikamwekea barua yako magotini. Sikuthubutu kumtazama. Aliendelea kupiga kiatu kile kile rangi mpaka nikadhani kitatoboka. Kisha akainuka, akaingia ndani na barua, akajifungia. Siku mbili hakutoka. Shemeji yako alikuwa anamwekea sahani mlangoni.

Siku ya tatu akatoka, akaagiza nguo zilizoanikwa kwenye mtambo ziondolewe. Akataka mafuta ya kulainishia, akataka uzi wa sufu, kijivu na nyeupe. Ana miaka sabini na tisa, kaka. Kutandika nyuzi kulimchukua siku nne, na shemeji yako alipojaribu kumsaidia alifukuzwa kama kuku. Ilipokuwa tayari akaniita, akanionyesha kigoda kwa kidevu. Nikakaa, kigoda kikalia kwa uzito. Akapanda kwenye mtambo, akaweka zile nyayo zake zilizovimba juu ya kanyagio, akaniambia nihesabu.

Nikahesabu. Sauti ilinitoka ya kitoto, sijui imetoka wapi. Kumi na mbili, geuza, anageuza. Jino la kwanza, la pili, la tatu, polepole, akipumzika kila jino. Tulipofika la saba nikahesabu kumi na mbili, nikasema geuza. Hakugeuza. Aliendelea kukanyaga, akihesabu mwenyewe kwa sauti: kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Hapo akasimama. Nikangoja. Akateremka, akachukua fimbo yake, akasema anayepaswa kugeuza hapo hayupo, na mtu yeyote asiuguse huo mtambo mpaka aje.

Mlangoni akageuka, akanituma kwako maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyatamka. Mwambie, nilikuwa na watoto wawili siku ile. Nilimuuliza mmoja, mwingine sikumuuliza. Mwambie sasa namuuliza.

Sina la kuongeza baada ya hilo, ila la kiofisi: stoo watakutumia kitambaa kingine, nami nimewaambia wakate kile kile chenye jino, kwa sababu sasa unajua pa kuunganishia. Shona la saba juu ya la saba, vitakutana. Mapazia ya ukumbi yakiisha, funga mashine, usingoje msimu. Nyumba ni ile ile, rangi ya mlango ndiyo imebadilika. Mlango wa nyuma tumeanza tena kutoukomea, na safari hii pasi nimeificha.

Baba anakusalimu, ingawa anajifanya hajui kama naandika. Kila nikigeuza ukurasa anakohoa. Shemeji yako anakusalimu na anasema amechoka kusikia habari zako, anataka kukuona. Mpwa wako ameacha kuninunia, anauliza kama ni kweli kuna mjomba aliyeuanzisha mtindo wa nywele zake, nikamwambia aje akuulize mwenyewe. Wasalimie wa kwako, kama wapo, na kama hawapo jisalimie mwenyewe mara mbili.

Asubuhi hii kabla ya kwenda posta nimepita chumba cha nyuma. Mwanga umeingia kwa dirisha lile lile, na uzi umebana pale pale alipouacha. Nimekaa kidogo kwenye kigoda changu.

Kumi na sita, kaka. Geuza.

Ni mimi mdogo wako, mhesabu wako,
Kijino